Fyuzi Zilizokatika Kila Msiba

Nilirudi Umatengo kwa gari langu mwenyewe, nililolinunua kwa fedha yangu mwenyewe, na kwenye kiti cha mbele niliweka bahasha yenye stashahada ya uhandisi wa umeme niliyoisomea jioni baada ya kupakia mifuko ya saruji mchana kutwa. Nayasema haya mwanzoni ili mtu asije akadhani kuna mkubwa alinishika mkono. Hakuna. Baba yangu alikuwa Mmatengo wa milimani, mama yangu Mnyasa wa Ngumbo, na wote wawili walifariki kabla sijavaa kofia ngumu ya kazi kwa mara ya kwanza. Nilipoondoka nilikuwa na begi la mashati mawili na mfuko wa usipa, vidagaa vya ziwani, wa kula njiani. Niliporudi, sanduku langu la vifaa lilihitaji watu wawili kulishusha garini, nami nililishusha peke yangu huku majirani wanatazama.

Ushirika wa wakulima wa kahawa haukuchelewa kuniajiri. Walikuwa na mashine ya kumenya kahawa mbivu juu ya kilima, mahali ambapo siku za anga safi unaliona ziwa kama bati jipya lililolazwa chini ya milima. Walikuwa na umeme wao pia, kutoka kituo kidogo cha umeme wa maji kule bondeni, kituo ambacho kilihudumia zahanati na shule pamoja na sisi. Walichokuwa hawana ni mtu aliyesomea. Mwenyekiti wa ushirika alishika vyeti vyangu akavisoma mpaka mhuri wa mwisho, kisha akasema, "Basi injinia tumempata." Mimi si injinia, ni fundi sanifu mwenye stashahada, na nilimweleza. Aliendelea kuniita injinia, nami baada ya wiki moja niliacha kumsahihisha.

Opereta wa mitambo alikuwa baba yangu mdogo, ndugu wa tumbo moja na marehemu baba. Ndiye aliyeketi katika chumba cha swichi tangu mashine inapowashwa asubuhi mpaka inapozimwa. Watu wa pwani hawajui baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba. Ukungu unakaa kwenye mikahawa mpaka saa nne, na wazee wanavaa makoti mawili. Ndani ya kabati la swichi mna hita ndogo ya kuzuia unyevu, kwa hiyo mlango wa kabati huwa na joto la kupendeza. Baba mdogo alikuwa amegundua hilo miaka mingi kabla yangu. Aliweka kigoda chake pale, akaegemeza mgongo kwenye ule mlango, na hapo ndipo alipokunywa chai, alipokula viazi, na alipopokea wageni.

Nyuma ya mgongo wake, kwa upana wa kiganja cha mkono, palikuwa na volti elfu kumi na moja.

Nieleze kidogo, kwa sababu bila hili hakuna kitakachoeleweka. Umeme wa namna hiyo haupimwi kwa mita ya kawaida. Huwezi kuuingiza kwenye saa ya kupimia wala kwenye kifaa cha ulinzi, utavichoma vyote. Kwa hiyo ndani ya kabati kuna transfoma ndogo ya kupimia, isiyo na kazi nyingine ila kuushusha umeme ule mkubwa mpaka kiasi kidogo ambacho mita na vifaa vya ulinzi vinaweza kukisoma. Na kabla umeme haujaingia kwenye transfoma hiyo, unapita kwenye fyuzi tatu, kila waya na yake. Ni mirija ya kauri iliyojazwa mchanga, na ndani ya mchanga mna uzi mwembamba kuliko unywele. Watu wengi, wakiwemo mafundi, hudhani fyuzi zile zipo ili kuilinda transfoma isizidiwe. Sivyo. Transfoma ile inatumia umeme kidogo mno. Inaweza kuzidiwa na kuiva taratibu bila fyuzi hizo kushtuka, na kwa hilo ina fyuzi zake nyingine upande wa chini. Fyuzi za upande wa juu zipo kwa ajili ya siku ambayo transfoma imekufa. Siku hiyo zinapaswa kuikata mara moja, kabla kifo chake hakijawa kifo cha chumba kizima.

Sasa, katika msimu wangu wa kwanza, fyuzi hizo zilizidi kukatika ovyo kuliko miaka ya nyuma.

Ikikatika moja tu, kifaa cha ulinzi kinaona umeme umepungua, kinaamini kuna hatari, kinazima mashine yote. Na kahawa mbivu haina subira. Ikichumwa leo inatakiwa imenywe leo; ikilala ndani ya gunia inaanza kuchacha, na ladha yake inaharibika kabisa. Wakulima walikuwa wakileta kutoka vijiji vya jirani na wengine kutoka mbali hata upande wa Litumbandyosi, kwa pikipiki na kwa kichwa. Wanafika wanakuta mashine imekaa kimya na mimi nimeinama ndani ya kabati.

Niliipima transfoma ile kila namna niliyofundishwa na nyingine nilizojifundisha mwenyewe. Nzima. Nilipima nyaya, nikapima waya wa kupeleka umeme ardhini, nikakagua kama kuna panya. Safi. Fyuzi mpya nilikuwa nikiziagiza kupitia mwenye duka mmoja wa Mbinga mjini, mzee wa asili ya Kilwa, ambaye aliziletesha kutoka Dar es Salaam kwenye basi na kila mara alinikabidhi kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. "Fundi," aliniuliza mara ya mwisho, "hizi mnazila huko?"

Wakulima walikuwa na maelezo yao. Walisema fyuzi zinakatika kila msiba. Mlinzi wetu aliongeza kwamba watu wakiwa njiani kwenda makaburini, kabati lile hulia. Linaguna, alisema, kama mtu mzima anayezuia kilio. "Linaomboleza nasi," alisema, na hakuwa anatania. Mimi sikukasirika. Nilijua tu kwamba kitu kinacholia kina sababu ya kulia, na sababu za umeme ziko ndani ya uwezo wangu.

Mwenyekiti alikuja siku moja adhuhuri, mashine imezima, uwanja umejaa magunia. Alifuatana na fundi mmoja wa mjini aliyekuwa akifunga umeme wa majumbani.

"Injinia, kahawa haisomi vitabu. Hii ikilala mpaka kesho inanuka."

"Najua, Mwenyekiti. Na mimi nimekulia kwenye kahawa."

"Wewe umekulia ziwani. Mpaka leo unanuka usipa."

Wakulima wakaangua kicheko. Kwetu utani huu wa milima na ziwa haukosi siku hata moja, na asiyeweza kuujibu anaonekana mgonjwa.

"Ndiyo maana nina akili," nikasema. "Samaki anajenga ubongo. Ninyi mmelelewa kwa maharage, yanajenga kelele tu."

Walicheka zaidi, na Mwenyekiti mwenyewe alicheka. Lakini mkono wake alikuwa ameunyoosha mbele yangu, kiganja wazi.

"Nipe ufunguo wa kabati. Huyu fundi anasema ni nyuzi tatu za waya wa shaba tu. Anafunga mahali pa fyuzi, habari imekwisha. Hazitakatika tena."

"Hilo ni kweli, hazitakatika tena."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni hilohilo, Mwenyekiti. Siku transfoma ikifa, hakuna kitakachokatika isipokuwa watu."

Yule fundi akasema kituo chetu ni kidogo, hakina nguvu ya kulipua kitu. Nilimuuliza kama amewahi kuona mlango wa kabati la umeme wa msongo mkubwa ukitoka kwenye bawaba zake. Hajawahi. Mimi nimewahi, katika kiwanda nilichofanyia kazi, na mlango ule ulikutwa upande wa pili wa chumba. Nilimuuliza tena, "Utakaa wewe humo ndani baada ya kufunga huo waya?"

"Akae kwa nini? Si kuna opereta?" akajibu Mwenyekiti kwa niaba yake.

"Opereta ni baba yangu mdogo."

"Kwa hiyo ni mambo ya ukoo."

"Ni mambo ya umeme. Hata angekuwa shemeji yako ningesema hivihivi."

"Shemeji yangu mfungie waya hata leo," akasema, na uwanja wote ukacheka tena. Kisha akaacha kucheka. "Sikiliza, mwanangu. Nakuheshimu kwa elimu yako. Lakini hawa watu hawali elimu yako. Zikikatika tena mara moja, nachukua ufunguo na kazi anachukua huyu."

Baba mdogo alikuwa pale, amekaa mlangoni na kikombe chake. Baadaye tulipobaki wawili aliniambia, "Ungempa tu, mwanangu. Mimi ni mzee. Usipoteze kazi kwa ajili ya mgongo wangu."

"Baba mdogo, sikusoma jioni zote zile ili nije nikuzike kwa nyuzi tatu za shaba."

"Haya, Bwana Stashahada," akasema, akanywa chai yake. Hakuhamisha kigoda.

Nilifunga fyuzi mpya, za mwisho nilizokuwa nazo. Tulimenya kahawa yote ya siku ile, na kwa siku kadhaa mambo yakawa shwari. Nilianza hata kufikiri kwamba labda zile za kwanza zilikuwa na kasoro ya kiwandani.

Kisha mzee mmoja wa kijiji cha chini akafariki.

Kwetu, jeneza likipita kwenda makaburini, mashine hazisikiki. Si za kumenya kahawa tu, hata za kusaga unga. Hiyo ni heshima na mimi siipingi. Nimeikuta na nitaiacha. Kila mfanyakazi anakwenda kuzika, na mimi nilikuwa nakwenda kama wengine, kwa hiyo hakukuwa na mtu hata mmoja mwenye ujuzi aliyewahi kubaki karibu na chumba cha swichi wakati huo. Siku ile nilichelewa. Gari lilikuwa limepata pancha nikitoka mjini, nikafika kilimani watu wameshateremka. Nilipita chumba cha swichi ili kuacha boksi la vifaa.

Kabati lilikuwa linaguna.

Mlinzi hakudanganya. Ilikuwa sauti nzito, inapanda na kushuka, kama nyuki wengi ndani ya debe. Sindano za mita za volteji zilikuwa zinacheza: moja imelala chini, nyingine imepanda kupita mstari mwekundu. Niliganda mlangoni. Kisha nikageuka kutazama nje, kwa sababu kutoka mlango ule unaiona barabara yote kule chini, pamoja na nguzo ya mwisho ya laini yetu.

Hapa lazima nieleze nguzo ile. Umeme unapanda kutoka bondeni kwenye nguzo mpaka barabarani. Kutoka barabarani mpaka kilimani hakuna nguzo, kwa sababu wakati wa kujenga hakuna mkulima aliyekubali mkahawa wake ukatwe, wala ngolo zake, yaani yale mashimo ya kilimo chetu, zisimamishiwe nguzo katikati. Kwa hiyo walizika kebo ndefu chini ya mashamba. Juu ya nguzo ya mwisho, pale kebo inapoanzia, kuna mikono mitatu ya kukatia umeme, kila waya na mkono wake. Ukiuvuta mkono kwa fito ndefu ya kazi, unaanguka na kuning'inia. Miaka mingi nyuma wazee waliamua kwamba wakati wa maziko mikono ile ishushwe yote, ili jeneza linapopita chini ya nguzo, watu wote waione imeinama.

Nilimwona baba mdogo pale chini, amesimama na fito yake. Mkono mmoja ulikuwa tayari unaning'inia. Alikuwa amevua kofia, ameinamisha kichwa. Waombolezaji wanapita nyuma yake polepole. Alisali sala nzima, bila haraka. Kisha akajifanyia ishara ya msalaba, akainua fito, akashusha mkono wa pili.

Pale pale, nyuma yangu, kabati lilibadili sauti. Mguno ukawa mngurumo.

Baba mdogo akavua tena kofia aliyokuwa ameirudisha, akaanza sala ya pili.

Nilisimama kati ya vitu viwili, mngurumo masikioni na mzee machoni, na nikajua. Sikuhitaji kitabu. Hili tulifundishwa mwaka wa pili, na darasa zima lililalamika kwamba ni somo gumu lisilo na maana, na mimi peke yangu nilibaki nikamuuliza mwalimu maswali mpaka akafunga begi lake. Ukiacha kebo ndefu na transfoma zisizo na mzigo wowote, kisha ukakata waya mmoja mmoja badala ya yote kwa pamoja, kebo na transfoma zinaanza kusukumana umeme zenyewe kwa zenyewe, kama watoto wawili kwenye bembea. Volteji inapanda mahali ambapo haipaswi. Transfoma ndogo ya kupimia ndiyo dhaifu kuliko vyote, na ndiyo inayonguruma. Baba mdogo alikuwa akizima mashine zote kwanza, mzigo wote unaondoka. Kisha anakata waya mmoja anasali, wa pili anasali. Kadiri marehemu alivyokuwa mtu wa maana, ndivyo sala zilivyokuwa ndefu.

Nilisikia kitu kidogo ndani ya kabati kikilia *tap*, kama kijiti kinavyovunjwa. Fyuzi ilikuwa imekatika.

Sikwenda mbio kumzuia. Maiti ilikuwa inapita. Nilifunga mlango, nikavua kofia yangu, nikateremka kwenda kuzika.

Kesho yake mashine haikuwaka, na Mwenyekiti alikuja bila utani. Nilimwambia mbele ya watu kwamba nimejua sababu, na kwamba fyuzi mpya zikifika sitahitaji nyingine. Aliuliza sababu ni nini. Nilisema ni jinsi tunavyoishusha ile mikono wakati wa maziko.

Mwenyekiti akasema, taratibu, "Yaani diploma yako sasa inatufundisha kuzika?"

Wengine waliguna. Mwanamke mmoja mzee alisema watoto wakienda mjini wanarudi na dharau. Ningeweza kunyamaza. Lakini sijazoea kunyamaza pale ninapojua, na safari hii nilijua kila kitu, kutoka barabarani mpaka kwenye kabati.

"Mikono itashushwa," nikasema. "Mashine zitanyamaza. Sala zitasaliwa, hata kama ni rozari nzima. Naomba mambo mawili tu. La kwanza, hita chache za kukaushia kahawa zibaki zinawaka mpaka mikono yote iwe chini. Hita hazina kelele, hakuna marehemu atakayezisikia. La pili, mikono yote mitatu ishushwe mfululizo, moja, mbili, tatu, halafu ndipo mzee asali. Na wakati wa kurudisha iwe hivyohivyo."

Watu wote wakamtazama baba mdogo, maana yeye ndiye mwenye fito. Alikuwa katekista kwa miaka mingi, na mpangilio ule ulikuwa wake mwenyewe. Wala hakuna aliyekuwa hajui maana yake.

"Wa kwanza ninaushusha kwa jina la Baba," akasema. "Wa pili kwa jina la Mwana. Wa tatu kwa jina la Roho Mtakatifu. Kila mmoja na sala yake. Sasa mwanangu, wewe unataka nimharakishe nani?"

Watu wakacheka, lakini kwa hofu kidogo, wakisubiri nitajibu nini. Mimi niliona hapo ndipo penyewe. Kama nikishindwa kwa mzee huyu, waya wa shaba utaingia kabatini, na mgongo wake utaendelea kuegemea pale.

"Baba mdogo, mimi katekisimu ulinifundisha wewe. Nafsi ngapi?"

"Tatu."

"Mungu wangapi?"

Meno yake machache yakaonekana.

"Mmoja," akasema. Akawageukia watu. "Mmeona? Nilimfundisha vizuri. Nitaishusha kwa pumzi moja, halafu nitasali mpaka mchoke wenyewe."

Mwenyekiti hakufurahi, lakini hakuwa mtu wa kubishana na katekista. Alisema tutaona.

Fyuzi zilifika na basi, nikazifunga. Na kwa kuwa huwa sifanyi kazi nusu, niliongeza kipande kingine: vipinga-umeme upande wa chini wa transfoma, vya kuituliza kama mambo yale yakijaribu kuanza tena. Kisha nikaandika ombi la transfoma ya akiba. Nilijua kwamba ile iliyopo, baada ya kunguruma kwenye misiba yote ile, imeumia ndani mahali ambapo vipimo vyangu haviwezi kufika. Mwenyekiti alilalamika kwamba naagiza kitu kipya wakati nasema cha zamani kinafanya kazi. Nilimsumbua kila kikao mpaka ikaja, nikaiweka stoo.

Msiba uliofuata ulikuwa wa yule bibi aliyesema habari ya dharau. Alikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo kabisa wa ushirika, na barabara ilijaa watu mpaka kwenye mitaro. Mimi sikuteremka. Nilimwomba radhi mwanawe mkubwa asubuhi, nikamweleza kwa nini, akaniambia, "Mama alikuwa mkali kuhusu kahawa yake. Kaa na mashine." Nilisimama ndani ya chumba cha swichi, macho kwenye mita, mlango wazi. Hita zilikuwa zinawaka. Kule chini baba mdogo aliinua fito. Moja. Mbili. Tatu. Sindano zote zikalala kwa pamoja, na chumba kikawa kimya kiasi kwamba nilizisikia nyimbo za akina mama zikipanda kupitia mikahawa. Hakuna kilichoguna. Baba mdogo alivua kofia akasali, na aliwachosha kweli, kama alivyoahidi.

Jioni tulimenya kahawa mpaka gunia la mwisho, kahawa ya marehemu ikiwemo, ambayo wajukuu wake walikuwa wameichuma alfajiri ile. Mwenyekiti alipita mlangoni, akaangalia mita ambazo hawezi kuzisoma, akaniambia, "Kaa na ufunguo wako." Sikutarajia zaidi ya hapo, na sikuhitaji. Najua nilichokifanya.

Msimu ule uliisha, ukaja mwingine. Watu walizikwa, mikono ilishushwa, fyuzi zilikaa. Walianza kuniita kutoka vituo vingine. Nimekwenda mpaka ufukweni kwa ajili ya mashine ya barafu ya wavuvi, na mpaka Kigonsera.

Kisha asubuhi moja ya ukungu simu yangu ililia nikiwa bado nakunywa chai nyumbani.

"Mwanangu, imekatika moja," akasema baba mdogo.

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba wowote. Nimekaa tu hapa. Nimesikia *tap* nyuma ya mgongo, mashine ikazima. Na kuna harufu kidogo, kama sufuria iliyoungua."

Nilimwambia atoke nje. Alisema anatoka. Niliendesha gari lile kilima kizima bila kukumbuka gia. Nilimkuta nje kweli, ila kigoda alikuwa ametoka nacho, amekaa juu yake kwenye ukungu, anamalizia kiazi.

Tulihakikisha umeme umekatwa kote, nikagusisha nyaya ardhini, nikafungua kabati. Transfoma ya kupimia ilikuwa imepasuka ubavuni, ufa mweusi kutoka juu mpaka chini, na ndani ya ufa shaba ilikuwa imeyeyuka na kuganda kama nta ya mshumaa. Ilikuwa imekufa kifo chenyewe, kile ambacho fyuzi zile ziliwekwa kwa ajili yake. Nilimwita baba mdogo. Nilimwonyesha ufa. Nilichomoa mrija wa kauri, nikamwekea kiganjani. Ulikuwa mzima, msafi, kama umetoka dukani. Kila kitu kilikuwa kimeishia ndani ya mchanga wake.

Alipeleka mkono kwenye mlango wa kabati, mahali rangi ilipokuwa imesuguliwa na koti lake. Kisha akapima kwa kiganja, kutoka pale mpaka kwenye ufa.

"Na ule waya wa shaba wa yule bwana?" akauliza.

"Ungekaa vizuri tu, baba mdogo. Usingekatika."

Aliurudisha mrija mkononi mwangu kwa uangalifu, kwa mikono miwili. Mimi nilikwenda stoo kuchukua ile transfoma ya akiba, ambayo ni mimi niliyeidai na mimi niliyeisumbulia vikao, na nilipokuwa natoka nayo nilimsikia anaongea kwenye simu na mama mdogo, sauti ya juu kama kawaida yake kila anapodhani mtandao hausikii vizuri.

"Nitachelewa kula," alikuwa anasema. "Kuna kitu kimeungua huku. Hapana, mimi mzima. Nimesema mimi mzima! Weka tu chakula, na cha huyu kijana wetu pia, ana kazi kubwa leo."